Tamthilia za anga na mambo tunayodhani kuzihusu

"Muziki wa Doctor Who ulitengenezwa na kompyuta."

Doctor Who ni tamthilia ya Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa anga na wakati. Anayeusikia muziki wake kwa mara ya kwanza halaumiwi kwa kudhani hivyo, maana hakuna ala inayolia vile. Lakini ni kazi ya mikono ya mwaka 1963. Ron Grainer aliandika noti kwenye karatasi, akamwachia Delia Derbyshire wa kitengo cha sauti cha BBC, London. Delia alidonoa uzi mmoja, akaurekodi, akaongeza milio ya mitambo ya maabara. Kila noti aliipandisha au kuishusha kwa kubadili mwendo wa utepe wa kurekodia, akaukata utepe vipandevipande, kisha akaviunga kimoja baada ya kingine hadi wimbo ukatimia. Grainer alipousikiliza aliuliza kama kweli ni yeye aliyeutunga.

Alitaka Delia atajwe kuwa mtunzi mwenza. Taratibu za BBC hazikuruhusu. Jina la Delia lilikuja kuonekana kwenye skrini mwaka 2013, na mwenyewe alishafariki tangu 2001. Hilo bado linaniudhi.

Na ule mlio wa chombo cha Daktari kikiondoka? Brian Hodgson alichukua ufunguo wa nyumba ya mama yake, akakwaruza nao nyuzi nene za piano kuukuu.

"Bila fedha nyingi huwezi kuumba ulimwengu mpya."

Ukata ndio ulioleta mengi tunayoyashangaa. Katika Star Trek, tamthilia ya wasafiri wa anga iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1966, watu huyeyuka chomboni na kuibukia kwenye sayari. Wengi huona hapo maono ya kisayansi. Ukweli ni kwamba kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekula bajeti yote, wakatafuta njia ya mkato. Baadhi ya vifaa vya daktari wao vilikuwa vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Dalek naye, adui katika Doctor Who anayewatetemesha watoto wa Uingereza, mkono wake mmoja ni kifaa cha kuzibulia sinki! Msanii asiye na kitu anayetazama hayo anajua pa kuanzia.

"Simu ya mkononi ilizaliwa na Star Trek."

Hii inapendwa mno. Martin Cooper wa Motorola, aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi hadharani New York mwaka 1973, amesema kilichomvutia ni redio ya kuvaa mkononi ya mpelelezi Dick Tracy, katika katuni za magazetini. Sifa basi ni ya mchoraji.

"Ni burudani ya wavulana wapenda mashine."

Katika Star Trek, Nichelle Nichols aliigiza afisa wa mawasiliano Uhura, jina lililotokana na "uhuru" wetu. Mwigizaji Whoopi Goldberg, akiwa mtoto, alimwona na kushangilia kumpata mwanamke mweusi runingani ambaye si mtumishi wa ndani. Alipokuwa nyota aliomba mwenyewe nafasi katika Star Trek, akapewa. Mae Jemison pia alimtazama Uhura utotoni. Mwaka 1992 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kwenda angani, na huko alianza zamu zake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Mwaka uliofuata naye akaigiza sehemu fupi katika Star Trek.