Je, mwenye saratani iliyosambaa anaweza kubadilishiwa nyonga?

Anaweza. Lakini kaa kidogo na ndugu wa wagonjwa pale hospitali ya Bugando, Mwanza, utasikia wakiambiana: saratani ikiguswa na kisu inasambaa, tena kama ni hatua ya nne, mzee wa watu mnampasua wa nini?

Saratani iliyofika kwenye nyonga ilishasambaa zamani, ikisafiri kwa damu kutoka kwenye titi, tezi dume au mapafu. Kisu kinalaumiwa kwa sababu wengi wetu tunafika hospitali tumechelewa: mgonjwa anapasuliwa, ugonjwa unakutwa umeenea, anafariki muda mfupi baadaye. Na upasuaji wa nyonga haufanywi ili kuponya saratani. Unafanywa ili mtu aende chooni mwenyewe. Aliyevunjika shingo ya paja akiachwa kitandani hupata vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni, na maumivu hayamwachi hata akigeuzwa.

Ugumu uko kwenye mfupa wenyewe, ulioliwa na saratani. Nyonga bandia isiyo na saruji husubiri mfupa uote na kuishika, kazi ya wiki nyingi, na mionzi ya kutibu saratani huichelewesha zaidi. Ni mche unaosubiri mizizi. Mgonjwa huyu anahitaji nguzo iliyomwagiwa zege, inayosimama hata kwenye mchanga wa ufukweni. Ndiyo maana madaktari wa mifupa hupendelea saruji maalumu: unga na kimiminika chenye harufu kali huchanganywa palepale chumba cha upasuaji, vikawa donge laini. Daktari ana dakika chache tu za kulijaza ndani ya paja na kusukuma shina la chuma, kabla donge halijapata moto na kukauka. Mara nyingi mgonjwa husimamishwa kesho yake. Mionzi hufuata kidonda kikishapona.

Goti lililochakaa kwa uzee ni habari nyingine. Kulizoea goti jipya huchukua miezi ya mazoezi, na kemo, yaani dawa kali za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, wakati bakteria wakishaganda kwenye chuma ni kazi kuwatoa. Kwa aliyedhoofika sana, sindano ya gotini, fimbo na dawa za maumivu humfaa zaidi. Anayeishi miaka na saratani iliyotulizwa kwa vidonge vya homoni, huyo ana haki ya kufikiriwa kubadilishiwa goti.

Kwa hiyo mwenye saratani akianza kuumwa paja, hasa akikanyaga au usiku, aombe eksirei mapema. Mfupa uliodhoofika ukiwahiwa unaweza kutiwa chuma kabla haujavunjika.