IQ Ndogo Haikuzuii Kuomba Chuo

Dirisha la udahili likikaribia kufunguliwa, ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hupokea swali moja kwa sura nyingi, kuhusu IQ, yaani alama ya kipimo cha akili: "Nimepima IQ nimepata 82, chuo kitanichukua?" Msimu huu limeulizwa mno, hivyo tumeona tulijibu hadharani. Sifa za chini za kujiunga na shahada ya kwanza, zinazowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), zinaangalia matokeo ya mitihani. IQ haimo.

Wengi wanaouliza wamejipima kwenye simu. Maswali ishirini ya maumbo, matangazo katikati, halafu unatakiwa ulipie ndipo uoneshwe namba yako. Hilo ni duka, na bado sijaelewa kwa nini mtu aliyemaliza kidato cha sita akalipie kuambiwa hana akili.

Kipimo halisi hufanywa na mwanasaikolojia, ana kwa ana, na huchukua muda. Wastani ni 100, na takribani theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Namba yenyewe haisimami peke yake: aliyepata 82 leo, ukimpima tena, huenda akapata pointi tano juu au chini. Ndiyo maana ripoti nzuri hutaja masafa, pamoja na lugha iliyotumika na hali ya mpimwaji siku ile.

Mama mmoja aliwahi kuniletea bahasha ya kaki iliyokunjwa hadi pembe zimechakaa. Ndani mlikuwa na ripoti ya mwanawe, na 78 imezungushiwa wino mwekundu. Nikafungua ukurasa wa pili. Mtoto alipimwa kwa Kiingereza akiwa na miaka 11, wakati shuleni kwao wanafundishwa kwa Kiswahili. Chini yake mpimaji ameandika kwamba mtoto alikuwa anasogeza karatasi karibu kabisa na uso.

"Mama, ukurasa huu mliusoma?"

"Mwalimu, sisi tuliambiwa namba tu."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, kavaa miwani mizito, na stashahada mkononi yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.4.

Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotengeneza kipimo chao Paris mwaka 1905, shabaha ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna nyingine, na Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Hapa kwetu, karibu na Bagamoyo, kundi la watafiti akiwemo mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg liliwapima wanafunzi wa miaka 11 hadi 13, likawafundisha mbinu za kutatua maswali ya aina ile kwa muda usiofika saa moja, kisha likawapima tena. Alama zilipanda. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002, na mzazi anayesema "wangu ndivyo alivyoumbwa" ningependa ausikie.

Tusivuke mpaka, hata hivyo. Namba si takataka. IQ iliyopimwa vizuri ina uhusiano na ufaulu wa darasani, na mtu aliye chini ya 70 ambaye pia anapata shida katika mambo ya kila siku, kama kushika fedha au kujihudumia, anahitaji tathmini kamili na msaada. Makala haya hayachukui nafasi ya mtaalamu aliyemwona mhusika.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama kweli. Aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa kuanzia A hadi E, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0 katika masomo yanayohusiana na programu anayoomba. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafikisha. S, alama iliyo chini ya E, si prinsipo. Tafadhali msituletee tena ubishi wa S. Programu inaweza kudai zaidi ya hapo: udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwenye stashahada anahitaji GPA ya 3.0 na kuendelea, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na ni lazima awe na AVN, namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Asiyefikia huko anaweza kupitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja tu. Masharti hupitiwa kila mwaka, basi soma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, usisome wa kaka yako.

Mzazi ambaye mwanawe bado yuko sekondari na ana uoni hafifu azungumze na mkuu wa shule mapema, asingoje wiki ya mtihani. Baraza la Mitihani (NECTA) huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Wapo pia wanaopewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa.

Na vishoka. Kuna watu wanawaambia vijana kwamba matokeo "yanarekebishika". Matokeo huhakikiwa kwa namba ya mtihani, hayahakikiwi kwa karatasi uliyochapishiwa mtaani. Kughushi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Ukigundulika mwaka wa tatu, udahili unafutwa na ada hairudi.

Yule kijana wa 78 aliomba. Maombi yake yalirudishwa mara moja: jina la kati kwenye stashahada lilikuwa na herufi moja tofauti na la cheti cha kidato cha nne. Akaenda kwa wakili, akaapa, akaleta hati ya kiapo kabla dirisha halijafungwa. Bahasha ya kaki mama yake aliisahau mezani kwangu, na hadi leo hajaifuata.