Lee, Grant na Tubman: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Wapo wanaoamini kwamba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), Jenerali Robert E. Lee wa Kusini, upande uliojitenga ili kulinda utumwa, aliuchukia utumwa, ilhali Jenerali Ulysses S. Grant wa Kaskazini, upande wa serikali ya Marekani, alishikilia watumwa wake mpaka sheria ilipombana. Mambo yalikuwa kinyume.

Ni kweli mwaka 1856 Lee alimwandikia mkewe kuwa utumwa ni uovu. Wanaomnukuu huishia hapo. Barua hiyohiyo inaendelea kusema kuwa mateso yale ni malezi ya lazima kwa watu weusi. Mwaka uliofuata mkwewe alifariki, akiwa ameagiza katika wosia kwamba watumwa wake waachiwe huru ndani ya miaka mitano. Lee, aliyesimamia mirathi, aliwafanyisha kazi karibu muda huo wote. Hati ya uhuru ilitoka mwishoni mwa Desemba 1862. Mmoja wao, Wesley Norris, alitoroka mwaka 1859 akakamatwa. Baada ya vita alieleza jinsi Lee alivyoamuru achapwe mijeledi. Ushahidi wa Norris nauona mzito kuliko sifa zote za ungwana wa Lee.

Grant naye hakuwa na mikono misafi: watumwa wa mkwewe walimfanyia kazi shambani. Lakini William Jones, mtumwa wake mwenyewe, alimwachia huru Machi 1859 huko St. Louis. Miaka hiyo Grant alidhikika hadi kuuza kuni mitaani, na kumuuza Jones kungemwondolea shida nyingi. Hakumuuza.

Kuhusu Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwani kisha akarudi Kusini kuwaokoa wengine, husemwa aliwatorosha watumwa 300 katika safari 19. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu wanataja watu wapatao 70, safari kama 13. Hesabu hiyo haimpunguzii chochote. Kila safari angeweza kukamatwa. Kinachonisikitisha ni kwamba namba zilizotiwa chumvi zimefunika kazi yake ya vitani. Juni 1863, akiwa mpelelezi wa jeshi la Kaskazini, aliongoza meli zenye askari weusi katika mto Combahee, South Carolina. Zaidi ya watu 700 walipata uhuru katika uvamizi huo mmoja.

Malipo ya utumishi huo aliyadai zaidi ya miaka 30. Mwaka 1899 Bunge lilimwidhinishia pensheni ya dola 20 kwa mwezi, na katika hizo, dola 8 alikuwa tayari akizipata kama mjane wa askari.