Friji haiondoi wanga kwenye uji

Nimeulizwa tena wiki hii, na mtu anayejitahidi kweli: "Uji wa oti niliulaza kwenye friji, mbona sukari imepanda vilevile?" Imepanda kwa sababu friji haiondoi wanga, ndugu yangu.

Imani kwamba chakula cha wanga kikilala kwenye friji hakipandishi sukari ni ukweli uliotiwa chumvi. Wanga ukipikwa na maji hufumka na kulainika. Ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa wanga sugu, ambao vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviuvunji. Sehemu hiyo ni ndogo. Viazi au wali uliolala hupandisha sukari pungufu kidogo, lakini hupandisha. Wanga una aina mbili, amilosi na amilopektini: ukiupasha moto, amilosi iliyojipanga hubaki sugu, ila amilopektini hulainika tena. Oti zilizolowekwa bila kupikwa ni habari nyingine kabisa: huko kinachosaidia ni vipande kubaki vikubwa, pamoja na beta-glukani, ule ute unaochelewesha chakula kutoka tumboni. Ukinunua zile zilizosagwa laini za kupika papo hapo, faida kubwa umeshaipoteza kabla ya friji.

Halafu juu yake zinawekwa tende na asali, "kwa kuwa ni vya asili". Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina takriban gramu 17 za sukari. Utumbo hauulizi kama imetoka kwa nyuki au kiwandani!

Mimi mlo wa kuandaa mapema naupanga kuanzia protini, gramu 20 hadi 30. Yai moja lina kama 6, kwa hiyo mayai mawili peke yake hayafiki. Ongeza mtindi mzito usiotiwa sukari, au dengu. Dengu na maharage yaliyochemshwa yagandishe kwa vipimo vya mlo mmoja. Mayai ya kuchemsha, yakiwa na maganda, hukaa friji wiki moja. Oti gramu 40 kavu zinatosha, zilowekwe kwenye mtindi na mbegu za chia. Tunda likatwe asubuhi, na liliwe, lisinywewe.

Sasa hili dai kwamba kifungua kinywa fulani kinaweza "kusawazisha homoni". Hakuna bakuli linalosawazisha homoni zote. Ninachoweza kukitetea ni hiki: kwa wanawake wengi wenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga ovari na hedhi), insulini ikikaa juu huchochea ovari kutengeneza androjeni, yaani homoni za kiume, zaidi, na ini hutoa SHBG kidogo, ile protini inayozishika androjeni kwenye damu, hivyo zilizo huru huongezeka. Kifungua kinywa kisichodai insulini nyingi kinagusa hapo. Lakini ni mlo mmoja tu wa siku. Usingizi, uzito, mazoezi na dawa navyo vinavuta upande wake, na simwahidi mtu kwamba hedhi itajipanga kwa sababu ya mtindi.

Tena bakuli lilelile huwapa watu wawili vipimo viwili tofauti vya sukari. Kwa mwenye kisukari, kotisoli na homoni ya ukuaji za alfajiri hulifanya ini limwage glukosi, akaamka sukari iko juu hata kabla ya kutia kitu mdomoni. Atalaumu uji bure. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kula, kisha saa 2 tangu tonge la kwanza.

Anayetumia insulini au vidonge vya sulfonilurea (dawa za kisukari zinazosukuma kongosho kutoa insulini) asipunguze wanga wa asubuhi ghafla bila kuzungumza na daktari wake. Dozi iliyopangwa kwa bakuli kubwa, bakuli likiwa dogo, itamshusha sukari mpaka atetemeke.