Je, wajua kwa nini mabehewa ya mafuta ya zamani ya Marekani yana kuba?

Tazama picha ya treni ya mizigo ya Marekani ya miaka ya 1930. Juu ya behewa la mafuta, katikati, kuna kuba ya chuma, kama pipa dogo lililosimamishwa mgongoni mwa pipa kubwa. Ya nini?

Kwa miaka mingi niliamini ni ya kukusanya mvuke. Garimoshi nalo lina kuba juu ya boila, na huko kazi yake ndiyo hiyo: mvuke mkavu hupanda humo kabla ya kupelekwa kwenye silinda. Niliona chuma kinachofanana, nikakipa kazi inayofanana. Kosa hilo likazaa jingine. Nilipokuwa nikipanga reli yangu ya modeli hapa Mombasa, nililikataa behewa lisilo na kuba nikidhani mtengenezaji amesahau kipande. Kumbe lilikuwa sahihi kabisa, ila la zama za baadaye. Wengine husema kuba ni mlango tu wa kupakilia. Mlango upo hapo kweli, na vali ya usalama pia, lakini mlango hauhitaji pipa zima chini yake.

Kuba ni nafasi ya mafuta kutanuka. Jaza jerikeni ya mafuta ya taa alfajiri mpaka mdomoni, uifunge, uiache uani juani. Adhuhuri utaikuta imevimba mbavu. Plastiki hukubali kuvimba. Tangi la chuma halikubali. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Behewa la galoni 10,000, yaani karibu lita 38,000, likipata joto la nyuzi 20 zaidi, mafuta yake huongezeka kwa lita 700 na ushei. Sasa pima kuba: kwa kawaida ilibeba asilimia 2 ya ujazo wa tangi, yaani lita 760. Hesabu hizi mbili zinavyokaribiana hunifurahisha kila nikizirudia.

Kwa nini wasipakie pungufu tu? Tangi lililolala lina uso mpana, kwa hiyo upungufu wa vidole vichache ni mafuta mengi, na kuukadiria kwa jicho ni shida. Kwenye kuba nyembamba, kiasi hicho hicho huonekana wazi, kama maji kwenye shingo ya mtungi. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1950 watengenezaji walianza kuiacha nafasi hiyo ndani ya tangi lenyewe, na kuba ikaondoka kwenye mabehewa mapya. Ya zamani yaliendelea kutembea miaka mingi, kwa hiyo treni ya modeli ya 1965 inaweza kuchanganya yote mawili. Ya 1935 haiwezi. Na ukiona kuba tatu, mara nyingi ndani mna vyumba vitatu.

Tahadhari kwa wanaotaka kuunda reli ya zamani ya Mombasa, na treni za mafuta zikipanda bara kabla ya bomba la kwenda Nairobi kuanza kazi mwaka 1978: kanuni hii ya kuba ni ya Marekani. Reli yetu ile ilikuwa ya upana wa mita moja, ambayo kwa modeli ya kipimo cha 1:87 (ndogo mara 87 kuliko kitu halisi) ni takriban milimita 12, si 16.5 za reli ya Marekani. Behewa la Marekani halikai hapo, hata likibandikwa rangi na namba za Afrika Mashariki. Anza na picha ya behewa lenyewe, na mwaka ilipopigwa.