Luxor si mtu aliyelala chali

Nimetumiwa tena ile picha: ramani ya hekalu la Luxor, na juu yake kiunzi cha mifupa kimelazwa, nyayo langoni, fuvu kwenye patakatifu. Sasa imetosha.

Wazo hili, kwamba hekalu lilijengwa kwa umbo la mwili wa mtu, lilienezwa katikati ya karne ya 20 na mwandishi Mfaransa Schwaller de Lubicz, aliyekaa Misri miaka mingi akilipima hekalu. Bidii alikuwa nayo. Lakini vyumba vya ndani ni kazi ya farao Amenhotep III, na ua wa mbele pamoja na lango kuu ni vya farao Ramses II, aliyetwaa kiti mwaka 1279 KK, takriban miaka 70 baada ya Amenhotep kufariki. Muda wote huo jamaa alikuwa hana miguu, na ibada ziliendelea tu.

Mtasema ua umepinda kwa kuwa mtu anapiga hatua. Pale palikuwa tayari na vihekalu vya mashua takatifu za miungu Amun, Mut na Khonsu, na njia ya maandamano ilikuja kutoka hekalu jirani la Karnak. Wajenzi walifuata vilivyokuwepo. Ndivyo tunavyodhani, maana hakuna aliyeandika sababu.

Kinachonichosha hasa ni uwiano wa dhahabu, ile 1.618 wanayodai huugawa mwili wa michoro ya Misri kitovuni. British Museum, London, kuna ubao wa mchoraji: farao Thutmose III ameketi ndani ya miraba ya mistari myekundu, na pembeni mtu amerudiarudia hieroglifu (herufi ya picha) ya mkono, tena na tena, kisha kifaranga cha kware. Siri yenyewe ndiyo hiyo, mazoezi. Aliyesimama hupewa miraba 18 tangu nyayo hadi nywele zinapoanzia, goti mstari wa 6, mabega wa 16; aliyeketi hupewa 14. Kwa nini wasifike utosini? Utosi hufunikwa na taji au nywele za bandia. Sasa wapenzi wa 1.618 hupima hadi utosini ikiwafaa, siku nyingine hadi kwenye nywele, wakikwama hadi ncha ya taji. Ukijiruhusu vipimo vitatu, kitovu kitaangukia popote utakapo.

Ila nasi tunaochunguza miraba hii tusijitakase. Ukuta uliokamilika hauna mistari tena, rangi imeifunika. Sisi ndio tunaoirudisha, na sisi ndio tunaoamua wa kwanza uanzie wapi. Michoro mingi hukataa kuenea katika 18 kamili. Tunaiita "tofauti ndogo" na kuendelea.

Piramidi ya Khufu naipita mbio. Upande wa msingi dhiraa 440 (dhiraa moja ni viganja 7), kimo 280, yaani mteremko wa viganja 5½ kwa kila dhiraa ya kimo. Ukishachagua mteremko huo, pai (ile 3.14 ya duara) na uwiano wa dhahabu hujileta vyenyewe, vyote kwa kukaribia tu. Na dhiraa ni mkono, viganja 7, vidole 28. Mwili upo hapo mchana kweupe, hauhitaji mfichuaji.

Hata katika ardhi upo. Mungu Osiris alikatwakatwa, vipande 14 kwa mwandishi Mgiriki Plutarch, na mahekalu ya zama za Waptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki, yakavigawa kwa majimbo. Ukutani mwa hekalu la Dendera majimbo yanaleta viungo ndani ya vyombo. Mguu ulikuwa kisiwani Biga, jirani na kisiwa cha Philae, na mafuriko ya Naili yalisemwa kutoka humo. Hiyo ni jiografia ya ibada, na ya miji kugombea heshima: orodha hazipatani, na kiungo kimoja hudaiwa na zaidi ya mji mmoja. Haya, choreni pembetatu zenu hapo.