Kuzima ruta hakuondoi mgongano wa anwani

Wiki hii tena mteja wa hapa Kampala amenipigia simu kunieleza kwamba kompyuta ya mhasibu wake inaonyesha ujumbe wa mgongano wa anwani ya IP, yaani vifaa viwili vinatumia namba moja ya mtandao, na kwamba ruta imekwisha kuzimwa na kuwashwa mara tatu. Ninaomba tuiache dawa hii, kwa sababu mara nyingi kuzima ruta ndiko kunakouzaa mgongano wenyewe.

DHCP, utaratibu ambao ruta huutumia kugawa anwani, haimpi mtu anwani, humkopesha. Kompyuta yenye mkopo wa saa 24 kwa kawaida hairudi kuomba nyongeza mpaka saa 12 zipite, ilhali ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya mikopo katika kumbukumbu inayofutika umeme unapokatika. Sasa fikiria ofisi ambayo swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta) na kompyuta zinategemea betri ya akiba, lakini ruta imechomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zilizounganishwa kwa kebo hazitambui kwamba ruta imesahau kila kitu. Simu ya kwanza kuingia kwa Wi-Fi inaweza kukopeshwa 192.168.1.102 ambayo mhasibu bado anaitumia. Kanuni za DHCP za mwaka 1997 zinaishauri ruta ipige ping kwanza, yaani itume ujumbe mfupi kuona kama kuna kifaa kinachojibu, kabla ya kutoa anwani, lakini programu ya ulinzi ya Windows kwa kawaida huinyamazia ping, na ukimya huo huchukuliwa kuwa anwani iko huru.

Chanzo kingine ni printa iliyoandikiwa anwani ya kudumu ndani ya safu ambayo ruta inaigawa. Ruta ya pili iliyochomekwa na mtu kimyakimya ni balaa kubwa zaidi, hasa ikiwa nayo inajiita 192.168.1.1.

Kumtafuta mhusika, chomoa kompyuta inayolalamika, nenda kwenye nyingine, ipigie ping ile anwani, kisha andika arp -a kwenye dirisha la amri, ili uone orodha ya anwani na vifaa vinavyozishikilia. Hata ping isipojibiwa, anwani ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa chenyewe) ikionekana hapo, kuna kifaa kinachoishikilia, kwa kuwa ARP, swali la kuuliza nani mwenye anwani fulani, hujibiwa hata pale ping inapozuiwa. Tarakimu 6 za mwanzo hutaja kiwanda, ingawa kwa simu za siku hizi siziamini tena, kwani hujitungia MAC za kubahatisha. Nakiri pia kwamba kuna siku mgongano hutoweka kabla sijafika, nami huondoka bila jina la mhusika.

Kwa mteja huyu ilikuwa printa, iliyokuwa ikizimwa kila jioni na kuiacha 102 ionekane haina mwenyewe. Nimeihamishia 192.168.1.20, nikaiagiza ruta igawe kuanzia 100 hadi 200 tu, na ruta yenyewe nimeichomeka kwenye betri ileile ya swichi.